Isangi Ilikuwa Inaitika

Nyinyi munaotembea na telefoni kwenye sikio muchana kutwa, mukae chini kidogo. Sitawachelewesha, lakini sitarudia pia.

Juma lililopita mujukuu wangu Grâce, anayesoma mambo ya umeme pale université, alinikuta nyuma ya nyumba natwanga pondu, yale majani ya muhogo. Akaanza kunieleza kwamba siku hizi kuko mashine ya radio inayosema na kusikia mara moja, kwa frekansi moja, saa ile ile inaposema. Nikaacha mutwangio juu. Nikamuambia arudie. Akarudia. Nikamuambia haiwezekani. Mimi nimeshika mikro ya foni tangu nina nywele nyeusi mpaka siku telefoni zenu zilipotufungia mulango, najua ninachosema. Akacheka, akasema koko, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, ni mutu wa zamani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri juu ya muke mumoja aliyeitwa Mama Bolaya, na juu ya kidole changu hiki cha gumba.

Kwa wale ambao hamukuiona: foni ni radio ya kusema na watu wa mbali. Ni sanduku moja la chuma, batri ya gari, na waya mbili zimenyooshwa juu ya paa, moja huku, moja kule. Kibanda chetu cha Kisangani kilikuwa karibu na libongo, pale mashua zinaposhusha mizigo. Watu walikuja asubuhi kuita ndugu zao wa Yanonge, wa Isangi, wa Basoko. Kila muji ulikuwa na operateri wake, na sisi hatukuitana majina. Uliitwa kwa muji wako. Mimi nilikuwa Kisangani. Kule chini ya muto kulikuwa na Isangi, na mbele zaidi Basoko. Basoko nilijua akiwa na mafua, nilijua akiwa amegombana na muke wake, na uso wake sikuuona hata siku moja.

Mikro ina kifungo pembeni. Ukikibonyeza, unasema, na huko mbali wanakusikia. Ukikiachia, unanyamaza, na wewe unasikia. Katikati hakuna. Na hili ndilo wateja hawakulielewa hata uwaeleze namna gani: wakati unabonyeza, wewe ni kiziwi. Mwenzako anaweza kulia, anaweza kusema nyumba inaungua, haupati kitu. Ndiyo sababu mwisho wa maneno tunasema à vous, maana yake nimemaliza, zamu ni yako. Kuko papa mumoja alikuja kusema na muke wake wa Yanonge, heshima ikawazidi wote wawili. Huyu akasema à vous, ule akasema hapana, à vous, kama watu wanaoachiana njia mulangoni. Walitoka hapo bila kuambiana kitu, na kila mumoja alikuwa na furaha.

Patron wetu, mufanyabiashara aliyetoka Maniema, alichoka na hiyo à vous. Alitaka wateja wake waseme kama watu wa telefoni. Alors, akanunua foni ya pili. Mupango wake ulikuwa mwepesi: hii ya kusema, ile ya kusikia, zote kwa frekansi moja, antena mbili juu ya paa moja. Mwalimu wangu, Papa Augustin, hakubisha. Alivaa kofia yake, akasema yeye atatazamia mulangoni. Patron akabonyeza. Foni ya pili ikalia kama nguruwe anayekamatwa, kisha ikanyamaza, kisha ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Patron akauliza imekuwa nini. Papa Augustin akajibu kutoka mulangoni: "Imesikia, patron. Imesikia sana."

Nyuma, patron akiisha kuondoka, Papa Augustin alinieleza mimi peke yangu. Sauti ya Basoko imepanda juu, imerudi chini, inafika kwetu imekonda kama mbu. Sauti yako wewe iko hapa hapa, kando ya sikio, ni ngoma. Nani anapiga ngoma na kusikia mbu? Tangu siku ile nilishika hivyo: mashine haiwezi kusema na kusikia pamoja kwa frekansi moja, kwa sababu inajiziba yenyewe. Ndicho nilichomuambia Grâce, na mutwangio ukiwa mukononi.

Bon, sikuanza kazi hii kwa diplome. Nilifika darasa la tano, kisha baba akafa, basi. Nilikuwa nafagia kile kibanda. Lakini mutu anayefagia anasikia, na mimi nilikuwa nimeshika kichwani saa za kila kituo, nani anaita lini, sauti gani ni ya nani. Papa Augustin alikuwa amefanya kazi ya radio kwa mashua kubwa za muto tangu kijana, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa kwa kelele za mashine. Siku moja alikosa kukamata jina, mimi nikalisema huku nafagia. Hakugeuka. Alisema tu niweke ufagio chini na nikae.

Alinifundisha vitu vidogo vidogo, na vitu hivyo vidogo ndivyo vilikuwa kazi. Mikro haikai mbele ya mudomo, inakaa pembeni, upana wa kiganja, usiipulizie. Hesabu inasemwa tarakimu moja moja. Jina gumu unaligawa kwa vitu ambavyo kila mutu anajua: P ya pondu, M ya mbisi, ni kusema samaki. Sauti ikifika kama ya bata, usimulaumu mutu; kuko kifundo kidogo cha kuzungusha polepole mpaka bata awe mutu. Asubuhi unashuka chini kwa frekansi, jua likipanda nawe unapanda. Wingu likiwa jeusi upande wa ng'ambo, toa waya ya antena kwa sanduku kabla mvua haijafika, usingoje radi ije kukuambia. Nilisahau mara moja. Musione nyusi zangu hivi, zilikuwa nyingi.

Na kitu cha mwisho, ambacho yeye alikifanya kila mara na mimi nilikiona kama tabia ya wazee: akiachia kifungo, aligonga meza kwa kidole mara tatu. Polepole. Mpaka hapo hakubonyeza tena, hata wateja wawe na haraka namna gani. Mimi nilikuwa kijana, nilijua kazi, nilikuwa mwepesi. Nilipitisha watu wengi kwa asubuhi moja kuliko yeye, na patron alinisifu mbele yake. Kugonga meza nilikuona ni kupoteza saa.

Sasa Mama Bolaya. Aliuza samaki wa kukaushwa, muke wa Isangi kwa kuzaliwa, mukali kunishinda mimi. Musichana wake Régine alikuwa ameolewa Basoko. Régine alikuwa amezika watoto wawili, kila mumoja siku ile ile ya kuzaliwa. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, mwezi wa mwisho, na munganga alikuwa amemupapasa tumbo akasema mutoto amelala kwa kukingama. Munganga wa kupasua wa kule alikuwa safarini. Ilikuwa lazima Régine azalie mahali kuko mwingine, Isangi ao Kisangani. Na munajua vile hospitali zetu ziko: mugonjwa anakuja na mutu wake wa kumupikia, wa kumufulia, wa kukimbia kutafuta dawa. Bila mutu wako unalala pale kama muzigo uliosahauliwa bandarini.

Jumatatu asubuhi kibanda kilijaa mpaka nje. Mama Bolaya akaanza na salamu, na hapo hakukosea, kwetu habari haitupwi usoni pa mutu. Akasalimia mukwe wake, mama wa mukwe wake, jirani wa huku, jirani wa kule, akauliza mbuzi. Régine naye kwa upande wake akasalimia vile vile, na Basoko akishika kifungo chake. Nyuma yangu watu wakaanza kunung'unika. Mutu mumoja akasema basi waulizane na kuku pia. Nikaona haya kwa sababu ya ule mustari. Salamu ya mwisho ilipopita mimi sikusema à vous, sikugonga meza, sikungoja. Nikamuambia Mama Bolaya aseme haraka, nikabonyeza.

Akasema vizuri, kwa sauti: "Régine, kaa hapo hapo. Usipande mashua peke yako na tumbo ile. Miye nashuka kesho asubuhi, nitakukamata Basoko. Mungu akisaidia, mutoto yangu."

Nikaachia. Katika sanduku ikatoka sauti ya Régine, mukia tu wa maneno: "...basi, mama, ni hivyo."

Mama Bolaya akanitazama. "Amesikia?"

"Amesikia," nikasema, nikaita mutu wa nyuma.

Musifikiri nilitaka kumudanganya. Neno lile tulilisema kwa kila mutu, kama unavyomurudishia mugeni kofia yake anapotoka. Walilipenda. Waliondoka nalo.

Siku ya pili, Jumanne, saa nne hivi, Basoko akaniita kwa kazi zetu za kawaida. Tukamaliza. Kisha kama mutu anayekumbuka kitu cha bure, akasema nimukumbushe Mama Bolaya aende libongoni Alhamisi na kiti, kwa sababu Régine hawezi kusimama muda mrefu. Nikamuuliza libongo la wapi. Akasema la Kisangani, wapi tena. Régine alipanda mashua ya mihogo jana, akiisha kula chakula cha muchana, munganga alisema asingoje hata siku moja, si alimueleza mama yake kwa foni? Mama si alisikia?

Nikamuambia Mama Bolaya ametoka leo asubuhi na mashua, anashuka kwenu.

 Basoko akasema polepole kwamba jana Régine alipokaribia mwisho waliachia kifungo kidogo, wakasikia Mama anasema Mungu akisaidia mutoto yangu, wakabonyeza tena amalizie, na yeye Basoko akamuambia Régine: amesikia.

Hapo nikaelewa. Tulikuwa tumebonyeza pamoja. Sekunde moja, njia moja, watu wawili. Mama alisema yote, musichana alisema yote, na hakuna aliyepata kitu isipokuwa mukia. Na sisi wawili, tulioitwa watu wa kazi, kila mumoja alikuwa amemuhakikishia mutu wake.

Sasa mufikirie muto wetu. Mashua moja inashuka, nyingine inapanda. Katikati kuko visiwa. Hii inapita huku, ile inapita kule, hazionani. Mama angefika Basoko akute nyumba imefungwa. Régine angepita Isangi bila kusimama, kwa sababu mashua ya mihogo haina kitu cha kufanya Isangi, aende siku nyingine nzima na mutoto aliyekingama, ashuke Kisangani ambako hakuna mutu. Ao uchungu umushike katikati ya maji, juu ya magunia. Kati ya zile mashua mbili kulikuwa na mutu mumoja tu aliyeweza kuzisimamisha: Isangi.

Haikuwa saa ya Isangi. Tulikuwa na saa yetu ya asubuhi na saa yetu ya jioni. Nikapanda frekansi ya muchana, nikabonyeza. Isangi, Isangi, Isangi, hapa Kisangani, Kisangani anaita Isangi. Nikaachia kidogo. Kelele tu. Nikabonyeza tena. Isangi, Isangi, Isangi. Nikaita mpaka jasho likaingia machoni. Nilibadilisha sauti, nilipandisha, nilishusha, nilimuomba Isangi kwa jina la mama yake. Wateja waliokuwa wakingoja wakatoka nje mumoja mumoja. Kidole changu cha gumba kilikuwa cheupe. Niliachia sekunde moja, nikabonyeza, sekunde moja, nikabonyeza. Nilikuwa nasema moyoni, ule mutu amelala, ule mutu ameenda kuvua, ule mutu atamuua Régine.

Papa Augustin alikuwa nje kutengeneza kamba ya antena. Akaingia, akakaa. Aligeuza sikio lake zima upande wa sanduku na kunisikiliza kwa muda. Kisha akashika mukono wangu, akang'oa kidole changu kwa kile kifungo kama unavyong'oa kupe kwa mbwa.

"Isangi iko inaitika tangu zamani," akasema. "Ni wewe unamufunika."

Akaweka mikro juu ya meza, mbali na mimi. Akagonga meza. Moja. Mbili. Tatu. Kelele ya hewa. Kisha bata akalia ndani ya sanduku. Papa Augustin akazungusha kile kifundo kidogo, na bata akawa mutu: "...Kisangani, Kisangani, miye niko hapa, nakusikia muzuri. Kwa nini haunipe njia? À vous."

Katika zile sekunde zangu moja moja, Papa Augustin alikuwa ameyakamata maneno ya Isangi yamekatwa mwisho. Mimi sikuyakamata, na masikio yangu mawili yalikuwa mazima.

Akanisogezea mikro. Sikumuona akikasirika, ingekuwa afadhali. Nikasema kwa ufupi. Kuko mashua inashuka kutoka kwetu, ndani kuko Mama Bolaya wa samaki, uisimamishe, ashuke Isangi. Kuko mashua ya mihogo inapanda kutoka Basoko, ndani kuko Régine, ana mimba, uisimamishe, ashuke Isangi, aende kwa munganga wa kupasua. À vous. Nikaachia. Nikagonga meza.

Isangi akasema ameelewa, anakimbia. Na hapo, sijui kwa nini, labda kwa sababu Papa Augustin alikuwa ananitazama, nikamuomba arudie niliyosema. Akarudia: Mama Bolaya anapanda kutoka Basoko, Régine anashuka kutoka Kisangani.

Nikanyoosha. Akarudia tena, sasa sawa. Ndipo akakimbia.

Kisha hapakuwa na kazi nyingine isipokuwa kukaa na sanduku limefunguliwa na kutoligusa. Sijafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Mukono ulitaka kubonyeza, kumuuliza Isangi amefika wapi, na kama ningebonyeza ningekuwa kiziwi saa ile ile anayorudi. Papa Augustin alileta kwanga ya muhogo na samaki, akala, mimi sikula.

Isangi alituambia nyuma vile ilikuwa. Alichukua pirogi, ule mutumbwi mudogo, mpaka katikati ya muto, akavua shemizi na kuipunga. Mashua ya kutoka Kisangani ilikuja na muziki wake juu kabisa, hawakusikia kitu, hata honi yao wenyewe wasingeisikia. Ilibidi aweke pirogi mbele ya pua ya mashua. Mama Bolaya alifikiri ni mutu wa kuomba karatasi, akamutukana yeye na ukoo wake. Alipoelewa, alishuka ndani ya pirogi na kikapu chake bila kushikwa mukono. Jumatano, mashua ya mihogo ilipoonekana mbali, aliyesimama katika pirogi na kitenge kimeinuliwa juu kama bendera hakuwa Isangi. Alikuwa Mama Bolaya mwenyewe. Régine alimuona kutoka juu ya magunia, akaanza kulia, kwa sababu alifikiri mama yake ni muzuka: alijua iko Kisangani, sasa amemukuta Isangi juu ya maji.

Alhamisi, saa ya asubuhi, Isangi akaita. Wamemupasua. Mama iko muzima, mutoto iko muzima, musichana. À vous. Nikabonyeza, nikasema asante, nikaachia. Isangi akaniambia: "Kisangani, rudia."

Nikarudia. Mama iko muzima, mutoto iko muzima, musichana.

Mama Bolaya alirudi majuma matatu yakiisha kupita. Nilimuona anavuka barabara na kikapu kichwani, nikasimama, nikajitayarisha kwa matusi, niliyastahili. Hakutukana. Alisimama mbele ya meza yangu, watu wote wako pale, akauliza: "Uliniambia amesikia. Nani alikuambia?"

  Akaliacha swali lile mezani, akaenda kwa samaki zake.

Tangu hapo kwa kibanda chetu hakuna mutu aliyeambiwa amesikia mpaka mutu wa upande ule awe amerudia kwa mudomo wake. Wateja walinung'unika, mustari ulikuwa murefu, patron alinikaripia. Nikamuambia atafute mwingine. Hakutafuta. Na mimi pia nilianza kugonga meza. Vijana waliokuja kujifunza kwangu nyuma walifikiri ni tabia ya wazee.

Sasa nyinyi. Munatumiana sauti kwa telefoni, zile sauti ndefu, munaona alama mbili za buluu, munasema amesikia. Nani aliwaambia? Ameifungua, ndiyo. Labda aliifungua akiwa sokoni kwa kelele. Labda alikuwa naye anawatumia yake saa ile ile, na kila mumoja amesikia mukia tu. Naona vijana wa nyumba yangu wanagombana hivyo kila siku, wawili wanabonyeza, hakuna anayeachia, kisha wanakuja kwangu kila mumoja kusema, nilimueleza, koko, nilimueleza yote.

Narudi kwa Grâce, kwa sababu hakukubali kushindwa, na hilo nalipenda kwake. Alikaa juu ya kinu kingine kilichopinduliwa, akanieleza taratibu. Ile mashine mupya haizimi ngoma yake. Inajua ngoma yake. Inaweka mufano kamili wa sauti inayotoa, na vile inavyorudi kutoka kwa ukuta, kutoka kwa paa, kisha inaondoa sauti hiyo yote katika kile inachosikia. Kinachobaki ni mbu. Nikauliza, na mutu akipita mbele ya ukuta? Akasema hapo sauti inarudi namna nyingine, mashine inapaswa kujifunza upya, saa yote, haimalizi kujifunza. Na ikikosea kidogo tu? Akasema ikikosea kidogo tu, haisikii kitu.

Nikafikiri. Nikaendelea kutwanga, yeye anasema. Ndani ya nyumba kitukuu changu kilikuwa kimelala, na katikati ya mutwangio, na maneno ya Grâce, na redio ya jirani, nikasikia kinaanza kulia, kile kilio chembamba cha kwanza. Grâce hakukisikia. Nikamuambia nenda ukamuchukue mutoto. Akaenda, akarudi naye begani, akasimama akinitazama na ule mutwangio.

"Koko," akasema, "si ndiyo ile mashine?"

Bon. Labda. Muke aliyetwanga miaka mingi anajua kelele yake mpaka anaweza kuiondoa. Lakini mimi nilihitaji miaka, na nilihitaji mutu wa kuning'oa kidole. Nilimuuliza Grâce jambo moja tu la mwisho: hiyo mashine, ikisikia, inarudia? Akasema hilo halimo ndani ya mashine, hilo ni la watu.

Kwa hiyo nawaachia ya Mama Bolaya, iliyobaki. Ilikuwa miezi sita ao saba tangu ile siku ya pirogi. Aliingia kibandani asubuhi, mara ya kwanza tangu alipoacha swali lake mezani. Régine na mutoto, aliokuja nao kutoka Isangi, walikuwa bado kwake Kisangani, bwana alikuwa Basoko. Alitaka kupeleka habari moja: mutoto ameota meno mawili, ya chini. Munajua wazee wetu, meno ya juu yakitangulia wananuna, wanasema mutoto ameleta mukosi, wanataka kuita watu wa kuuondoa. Alisalimia mukwe, alisalimia mama wa mukwe, aliuliza mbuzi. Hakuna mutu katika mustari aliyethubutu kunung'unika, nilikuwa nimewatazama. Kisha akasema habari yake, na mimi nikasema à vous, nikaachia, nikagonga meza mara tatu.

Basoko akaitika, akarudia: "Mutoto ameota meno mawili. Habari njema kabisa. À vous."

Nilifungua mudomo kumuambia amesikia. Mama Bolaya akainua kidole.

"Ya chini," akasema. "Hajasema ya chini."

Nikabonyeza. Basoko, meno ni ya chini. À vous. Nikaachia. Moja, mbili, tatu. Hewa ilikuwa chafu asubuhi ile, kulikuwa na mvua mahali fulani juu ya pori. Tulikaa, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu, tukitazama lile sanduku.

"Ya chini," akasema Basoko.

Mama Bolaya akachukua kikapu chake, akaniachia salamu, mbote, akatoka.